Fungeni Mlango, Mhesabu Deni Pamoja



Leo napenda tuongee juu ya jambo ambalo katika mafundisho ya ndoa huwa tunalipita haraka haraka, nalo ni deni. Tunafundisha wachumba juu ya uaminifu wa kitanda, na ni vizuri. Lakini kuna uaminifu wa mfuko pia. Mume anayelala kando ya mkewe kila usiku huku akimficha deni la miezi mingi, je, ni mwaminifu kabisa? Nauliza swali hili nikijua jibu lake, kwa maana mume huyo nilikuwa mimi.

Mimi ni katekista hapa Nyaramba, kaunti ya Nyamira, na riziki yangu ni useremala. Mke wangu huchuma chai katika kipande chetu kidogo na kukamua ng'ombe mmoja. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga shule na makanisa, kazi ya fanicha ilipungua sana. Nikaanza kukopa kwa simu. Mkopo wa kwanza ulikuwa wa unga na sabuni. Wa pili ulikuwa wa kulipa wa kwanza. Wa tatu hata sikumbuki ulikuwa wa nini. Mke wangu sikumwambia. Nilijisemea, "Kwa nini nimpe wasiwasi? Nitalipa kabla hajajua."

Wiki ya Jumatano ya Majivu, Februari 2021, mke wangu alikuwa shambani na kikapu cha chai mgongoni. Simu yake ikalia. Mtu asiyemfahamu akamwuliza kama ananijua, kisha akamwambia, "Mwambie alipe deni letu." Akarudi nyumbani, akapika, akangoja watoto walale. Ndipo akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba watoto, imekuwaje watu wa mbali wajue deni lako kabla yangu?"

Sikuwa na jibu. Na Jumamosi ile nilitakiwa kanisani kuwafundisha wachumba juu ya kuaminiana.

Nikamweleza yote. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha naye akasema lake. Alikuwa amekopa katika chama cha akina mama kwa ajili ya matanga ya kaka yake, na pale dukani daftari lilikuwa limejaa. Akasema, "Mimi pia nilikuogopa." Wapendwa, tulikuwa tumefunga ndoa mbele ya altare miaka mingi, lakini kwa upande wa pesa kila mmoja alikuwa anaishi peke yake.

Mama mjane na mafuta yake

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, tunasoma habari za mjane mmoja. Mumewe alikuwa mcha Mungu, lakini alikufa akiacha deni, na mdai alikuwa anakuja kuwachukua watoto wawili wawe watumwa. Angalieni vizuri: deni la wakubwa linalipwa na watoto! Hata leo ni hivyo. Kwetu binti alikaa nyumbani wiki mbili kwa kukosa karo, na wiki hizo za masomo hazikurudi.

Mjane yule alimwendea nabii Elisha. Nabii alimwuliza ana nini nyumbani. Alikuwa na mafuta kidogo tu. Akaambiwa aazime vyombo kwa majirani, aingie ndani na wanawe, afunge mlango, na kuyamimina. Vyombo vikajaa. Mwishoni akaagizwa auze mafuta, alipe deni, na yeye na wanawe waishi kwa kile kitakachobaki.

Sisi tulifuata njia hiyo hiyo. Hebu tuipitie hatua kwa hatua.

Kwanza: Sema deni lote

Mjane hakuficha kitu. Usiku ule tulichukua daftari la mtoto na kuandika. Mikopo yangu mitatu ya simu, shilingi 11,500. Deni langu kwa muuza mbao, 5,000. Deni la mke wangu katika chama, 6,000. Dukani, 4,200. Karo ya nyuma, 12,300. Jumla ilikuwa shilingi 39,000.

Mapato yetu ya mwezi, tukijumlisha useremala, maziwa na malipo ya chai, hayakupita 13,000. Kwa hiyo tulikuwa na deni la miezi mitatu mizima bila kula. Niliona kizunguzungu. Lakini usiku ule nililala, baada ya miezi mingi ya kutolala. Deni lililoandikwa lina mwisho. Deni lililofichwa halina mwisho, kwa sababu kila siku unaliongezea uongo mmoja.

Baba, neno moja kwako. Mkeo akikuambia kweli, ukaipokea kwa kofi au matusi, usitegemee kuambiwa kweli mara ya pili. Na wewe mama, usiibebe kweli ya mumeo kisimani na sokoni. Ndiyo sababu nabii alisema mlango ufungwe. Mkishindwa peke yenu, tafuteni padre, au mume na mke wa jumuiya yenu wanaojua kutunza siri.

Pili: Nyumbani kuna nini?

Mwenye deni hufikiri kwanza ni nani atamkopesha tena. Nabii aliuliza nyumbani kuna nini. Sisi tulizunguka boma letu mchana kweupe kama wageni. Tulikuwa na miti minne ya blugamu mpakani ambayo nilikuwa naitunza ili nijenge jiko jipya. Tuliiuza kwa shilingi 9,000. Mke wangu alikuwa akilitamani jiko hilo miaka mitatu. Ni yeye aliyesema, "Ikatwe." Siku ile nilifahamu maana ya kupendana katika taabu kuliko siku ya harusi yetu.

Kwako pengine ni ndizi zinazoiva na kugawiwa ovyo, au jogoo watatu, au ufundi wa kushona uliouacha. Kiwe kidogo, lakini kitazame kwanza kabla hujagonga mlango wa mtu.

Tatu: Ziba tundu

Kumimina mafuta katika chombo kilichotoboka ni kazi bure. Kwa siku 30 tuliandika kila shilingi iliyotoka, hata ya kiberiti. Hapo ndipo nilijifahamu. Mimi niliyekuwa nikimlaumu mke wangu kwa sukari, nilikuwa natumia shilingi 60 kila siku kwa chai na mandazi sokoni. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 1,560. Pesa za kupigia simu na za intaneti, sisi wawili, zilikuwa 1,350. Bodaboda, 1,200, na mara nyingi ni mwendo wa kutembea. Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo.

Nikaanza kubeba chai yangu katika chupa. Simu tukaiwekea kikomo cha 500, bodaboda 400. Ukihesabu, tuliokoa 1,560, na 850, na 800, yaani shilingi 3,210 kila mwezi. Hatukulala njaa hata siku moja. Tukakubaliana 3,000 ziende kwenye deni bila kukosa, na zile 210 zibaki kwa dharura ndogo.

Nne: Lipa, ndipo uishi kwa kinachobaki

Angalieni mpangilio wa nabii: kulipa kulikuja kwanza. Sisi huanza na kuishi, kisha tunalipa kama kumebaki, na hakubaki kamwe.

Je, ulipe lipi kwanza? Tazama lile linalouma haraka. Chukua mfano wa M-Shwari, iliyoanza mwaka 2012 na ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Kwa ada hiyo pekee, ukikopa 2,000 utalipa 2,150. Unaona 150 ni kidogo. Lakini ukilipa na kukopa tena papo hapo kila mwezi, kwa miezi 12 utakuwa umetoa ada ya 1,800, na zile 2,000 bado unadaiwa! Fuliza, iliyoanza 2019, ada yake hukua kadiri siku zinavyopita. Hazina ya Hasla, iliyozinduliwa Novemba 2022, riba yake ni asilimia 8 kwa mwaka, ambayo ni nafuu zaidi, lakini hilo nalo ni deni. Vyama vingi vya akiba na mikopo hutoza kama asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, ila vinataka kwanza uweke akiba. Kwa hiyo anayeweka kidogo leo hujiepusha na ada kubwa kesho.

Tulipeleka pesa zote za miti kwenye mikopo ya simu. Kutoka Machi, katika zile 3,000 za mwezi, 1,000 zilikwenda shuleni. Tulikwenda mimi na mke wangu kwa mwalimu mkuu, tukasema ukweli, akakubali tulipe polepole, na binti akarudi darasani. Shilingi 2,000 zilizobaki zilimaliza mikopo ya simu mwezi wa Aprili, kisha duka, kisha chama. Hayo mawili tuliyatanguliza kwa muuza mbao kwa sababu ya haki. Mwenye duka ni jirani anayehitaji pesa yake anunue bidhaa. Na pesa ya chama ni zamu ya mama mwingine, pengine mjane. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inatufundisha, katika namba 2411, kwamba kulipa madeni ni wajibu wa haki. Usidhani umemaliza kwa kuungama tu. Dawa ya deni ni kulipa.

Mwisho wa Septemba tulikuwa tumelipa 21,000 juu ya zile 9,000 za miti. Zilibaki 9,000. Bonasi ya chai, iliyokuja baada ya hesabu za Juni kufungwa, ndiyo iliyomaliza. Iliyobaki tuliiweka kwa ajili ya karo ya Januari. Miaka ya nyuma bonasi ilikuwa inaliwa kabla haijafika, kwa ahadi huku na huku. Ndugu mkulima, usiile bonasi ambayo bado iko kwenye majani.

Na michango je?

Najua utauliza: harambee, matanga, harusi, na sadaka ya kanisa? Sisi Abagusii hatumwachi mtu azike peke yake, na ni desturi njema. Lakini kukopa ili jina lako lisomwe na kiasi kikubwa mbele ya watu si ukarimu. Umetoa pesa ya mwenye duka bila ruhusa yake. Kukopa harusi, kulipa matanga. Mwaka ule mimi nilisimama katika harambee moja nikatoa shilingi 100, mimi katekista. Wengine walicheka. Mke wangu aliyekuwa nyuma yangu hakucheka, kwa maana alijua 100 ile ilikuwa yetu kweli. Yesu aliisifu senti ya mjane, na mjane yule hakuikopa. Ukikosa pesa, toa mikono: chota maji, pasua kuni, kaa na wafiwa usiku.

Kuna neno la faraja kwa wanaotishwa. Mwaka 2022 Benki Kuu ya Kenya ilitoa kanuni zinazowakataza wakopeshaji wa simu kutumia vitisho au kuwapigia watu walio katika simu ya mdaiwa ili kumwaibisha. Basi usikimbie nyumbani kwa hofu, wala usifikirie kujidhuru. Deni ni pesa. Wewe ni mtoto wa Mungu.

Jioni ya leo

Wapendwa, jiko letu bado halijajengwa. Moshi bado unatuuma macho. Lakini kila Jumapili jioni tunafungua lile daftari, na yeye ndiye anayeshika kalamu. Wachumba wakija kufundishwa nawasimulia habari hii bila kuficha, na mke wangu ndiye aliyenipa ruhusa.

Jioni ya leo, watoto wakilala, zimeni redio. Fungeni mlango. Ombeni Baba Yetu pamoja, na mtakapofika kwenye maneno ya kusamehewa, mwangalie mwenzako usoni. Kisha ulizaneni maswali haya matatu, na kila mmoja amsikilize mwenzake hadi mwisho:

1. Kuna deni gani ambalo sijakuambia, na niliogopa nini?
2. Nyumbani mwetu kuna nini tusichokitazama?
3. Mwezi huu, kila mmoja wetu ataacha nini ili tulipe?

Anayeanza kusema awe ni yule mwenye deni kubwa zaidi. Kwetu nilikuwa mimi.

Familia Takatifu ya Nazareti, iliyoishi kwa kazi ya mikono ya seremala, ituombee. Amina.