Malimbikizo Yakiingia, Tulieni Kwanza

Wanangu mnaoishi Uingereza, haya nimeyasema misibani, nimeyasema harusini, nimeyasema nje ya msikiti baada ya sala ya Ijumaa, mpaka sauti inakauka. Nayarudia kwa sababu hali ni ileile. Mzee amekataliwa PIP au Attendance Allowance, yaani malipo ya wagonjwa na walemavu, amekata rufaa, ameshinda, na pesa za miezi yote ya kungoja zimeingia benki kwa mkupuo. Kabla wiki haijaisha zimeshagawanywa. Kisha zinaanza kuja barua nyingine, na hapo ndipo simu yangu inapolia.

Niondoe hofu kwanza, maana kuna wagonjwa wamelala ndani hawajaomba kitu kwa kuogopa kupunguziwa. PIP haihesabiwi kuwa kipato kwenye Universal Credit, ruzuku ya wenye kipato kidogo. Attendance Allowance haipunguzi Pension Credit, ruzuku ya wazee wenye kipato kidogo. Malimbikizo ya haki hizo nayo, kwa muda wa mwaka mzima tangu yaingie, hayahesabiwi kwenye akiba, ile ambayo kwa Universal Credit ikizidi pauni 6,000 malipo huanza kupungua na ikizidi 16,000 hukatika. Tena haki hii huleta haki nyingine. Familia kubwa iliyobanwa na ukomo wa benefiti, mmoja wao akipata PIP, ukomo unaondoka tangu tarehe PIP ilipoanza, na walichokatwa katikati hapo hurudishwa. Kisiporudi chenyewe, kidaini kwa maandishi.

Yawekeni malimbikizo kwenye akaunti ya peke yake, ili atakayeuliza aonyeshwe zilipotoka. Na msiniambie mmenunua kiwanja Mtwapa au Kigamboni mkadhani mambo yamekwisha. Pesa ikishageuka kiwanja si malimbikizo tena, ni mali, na mali iliyo nje ya nchi hutakiwa kutajwa kama iliyo ndani.

Sasa nisikilizeni kwa utulivu, maana sehemu hii ndiyo inayowaumiza watu: malipo ya anayeuguza. Carer's Allowance, kwa mwaka ulioanza Aprili 2025, ilikuwa pauni 83.30 kwa wiki kwa anayemhudumia mgonjwa saa 35 au zaidi kila wiki. Ukifanya kazi, pato baada ya makato yanayoruhusiwa lisizidi kikomo, ambacho mwaka huohuo kilikuwa pauni 196 kwa wiki. Likizidi kwa pauni moja, wiki hiyo hupati kitu. Mgonjwa wako akikubaliwa leo, ukaomba ndani ya miezi 3 ya uamuzi huo, utalipwa tangu siku haki yake ilipoanza, hata kama ni mwaka mzima nyuma. Ukichelewa, unarudishiwa miezi 3 tu. Nimeona watu wakipoteza pesa nyingi hapo kwa kuona haya, eti mtu hulipwaje kwa kumwogesha mama yake. Ichukueni. Kazi ni ileile, na kodi ya nyumba haimjui mama wa mtu.

Lakini Carer's Allowance, tofauti na PIP, huhesabiwa kuwa kipato, na Universal Credit huipunguza pauni kwa pauni. Kwa hiyo malimbikizo yake yakitoka, Wizara ya Kazi na Pensheni hushikilia kwanza ile Universal Credit uliyokwisha kulipwa kwa kipindi hichohicho, ndipo wakupe salio. Kijana mmoja aliniletea barua yake imekunjwa mara nne. Kwenye ukurasa wa kwanza alikuwa amezungushia jumla kwa kalamu nyekundu, na pembeni ameandika bei ya gari. Ukurasa wa pili, wenye mstari wa kiasi kilichoshikiliwa, hakuwa ameufungua. Hakuibiwa. Kinachobaki mkononi kwa mtu kama yeye ni nyongeza ya anayeuguza ndani ya Universal Credit, ambayo mwaka wa 2025/26 ilikuwa pauni 201.68 kwa mwezi, nayo pia hurudishwa nyuma. Mkishahakikisha hakuna atakayepungukiwa, iandikeni bila kuchelewa kwenye akaunti yenu ya Universal Credit mtandaoni, mkitaja tarehe haki ya mgonjwa ilipoanza.

Malipo haya yamesukwa kama mkeka: ukivuta mwaa mmoja, mwingine unalegea usipotazama. Mchukulie mama anayeishi peke yake Leicester, anapata Pension Credit na sasa amekubaliwa Attendance Allowance. Kwa hali hiyo anastahili nyongeza ya ulemavu mkubwa, ambayo mwaka wa 2025/26 ilikuwa pauni 82.90 kwa wiki, tangu tarehe ya Attendance Allowance yake. Binti yake anaishi mtaa wa pili, yuko kwenye Universal Credit, anaomba Carer's Allowance kwa nia njema kabisa. Akianza kulipwa, mama anapoteza ile nyongeza. Hesabuni wenyewe kwa viwango hivyo: binti amepata karibu pauni 202 kwa mwezi, mama amepoteza karibu 359. Familia moja imejipunguzia kwa mkono wake. Na asidhani ataepuka kwa kuiacha Carer's Allowance na kuchukua ile nyongeza ya Universal Credit peke yake. Matokeo kwa mama ni hayohayo.

Ikiwa binti ameshaomba, jueni jambo moja. Nyongeza ya mama husimama kuanzia Carer's Allowance inapolipwa kwa mara ya kwanza, si kwa miezi iliyorudishwa nyuma. Wakimwandikia mama arudishe za miezi ya nyuma, pingeni. Mna mwezi mmoja tangu tarehe ya uamuzi kuomba uangaliwe upya.

Kwa bibi anayemuuguza babu ni tofauti. Pensheni yake ya serikali ikiwa kubwa kuliko Carer's Allowance, ataambiwa ana haki lakini halipwi, na wengi hukasirika wakaichana barua. Aitunze. Kwa haki hiyo tupu, Pension Credit yao huongezwa; mwaka wa 2025/26 nyongeza hiyo ilikuwa pauni 46.40 kwa wiki.

Aliye na viza inayomkataza fedha za umma asijaze fomu yoyote kabla ya kumwona mwanasheria. Hilo sina maneno mengi juu yake.

Nyinyi wengine, nawaomba jambo dogo. Barua ikifika, kabla ya mtu yeyote kuomba kitu kwa jina la mgonjwa, kaeni wote pamoja, aliye mgonjwa na anayemhudumia, kila mmoja na barua zake, mwende Citizens Advice mwulize swali moja: huyu akipata hiki, nani atapungukiwa? Kule hawatozi kitu. Nendeni wiki hiyohiyo, kwa sababu ile miezi 3 inahesabiwa tangu siku ya uamuzi.