Insha ya Mtoto na Mizani Yake

Katika uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1961, Paul Diederich na wenzake waliwapa wasomaji 53, wakiwamo walimu, wahariri, mawakili na wafanyabiashara, insha 300 za wanafunzi waliokuwa ndio kwanza wameingia chuo, wakawataka wazipange katika daraja tisa, kila mtu kwa rai yake. Na hisabu ilipofanywa ikabainika kwamba hapana insha hata moja iliyopata daraja zisizofika tano mbalimbali. Huyu alitazama fikra, yule mpangilio, mwingine tahajia, na yamkini kila mmoja aliamini kwamba ametenda insafu.

Kwa hiyo siungani na wanaoibeza rubriki, yaani jedwali la vigezo vya kupimia kazi, iliyoenea katika madarasa ya Kenya pamoja na mtaala wa umilisi, ambamo kazi ya mtoto husemwa kuwa imezidisha matarajio, imeyafikia, imeyakaribia, au ingali mbali nayo. Jedwali lile, maadamu mtoto ameelezwa yaliyomo kabla hajashika kalamu, humkinga na hawaa ya mwalimu aliyeamka na ghadhabu zake, au anayeghurika na hati nzuri. Na hiyo pekee ni fadhila kubwa.

Walakini nimesoma insha mbili za watoto wa Gredi ya Sita. Wa kwanza alianza na jua la matlai, akawaleta wahenga wakilonga hili na lile katika kila aya, akafunga kwa methali. Wa pili, ambaye tahajia yake ilikuwa taabani, aliandika kwamba nyanya yake alimimina chai akaiacha ikapoa, “kwa sababu alikuwa anasikiliza kama baba amefika.” Katika kipengele cha methali na tamathali, wa kwanza alizidisha matarajio, wa pili akawa mbali nayo, na kwa sentensi ile ya chai, jedwali halikuwa na kipengele.

Watoto si wajinga: wakijua methali ina alama, watazimwaga hata katika barua ya kuomba ruhusa. Taksiri hiyo si ya rubriki, ni ya aliyeitunga kwa pupa ya kutaka kila kitu kihesabike. Lau ningepewa niitengeneze, ningefuta hisabu ya methali, nikauliza kama msomaji ameonyeshwa jambo ambalo pasipo mtoto huyu asingelijua, kisha nikaacha nafasi mwalimu ainakili sentensi iliyomsimamisha. Mwenye watoto 60 darasani atasema hana wasaa, nami simlaumu. Basi na aipigie mstari tu, kwa wino wowote isipokuwa mwekundu.