Mzaha Usio na Uso

Kidude chenyewe ni kidogo kama kucha ya kidole gumba. Ni kile kipokezi cha kipanya kisicho na waya: unakichomeka kwenye tundu la kompyuta, na kipanya kinaanza kutii. Asubuhi moja nilikichomeka kwenye laptopu ya kijana wa mkataba wa miezi mitatu tuliyekaa naye ofisini, nikarudi kwenye dawati langu, kipanya mkononi. Akitaka kufungua faili, mshale unakimbilia kona. Akianza kuandika, ukurasa unajifunga. Sisi watatu tuliojua siri tuliuma midomo tusicheke.

Sikutaka ubaya. Lakini ubaya mwingi mdogo mdogo hufanywa na watu ambao hawakuutaka.

Saa saba alitoka na mkoba. Tukadhani ameenda kula. Kumbe alikuwa ameipeleka ile laptopu kwa fundi mtaani. Alirudi akakiweka kidude mezani pangu, maana mimi peke yangu ndiye niliyetumia kipanya kisicho na waya. "Nadhani hiki ni chako," akasema. Fundi alikigundua mara moja, lakini shilingi 500 za kuangalia mashine alizichukua. Hiyo ndiyo iliyokuwa pesa ya chakula. Na kwa nini hakuwaambia watu wa kompyuta wa ofisi? Mkataba wake ulikuwa unaisha wiki hiyo. Nani angemwongezea miezi mtu aliyeharibu mashine ya wenyewe?

Sasa, msinielewe vibaya. Siku chache kabla ya hapo, mama wa uhasibu alikuwa amenigeuzia skrini juu chini. Nilicheka hadi machozi, na kesho yake nikabandika karatasi chini ya kipanya chake kisisogee. Ofisi isiyo na mzaha ni mochari yenye intaneti. Basi tofauti iko wapi?

Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo kule Tanzania unaweza kutufunza. Mtani anaweza kukukejeli hata msibani, na huna ruhusa ya kukasirika. Ila utani huenda na kurudi. Anayekukejeli leo, kesho ni zamu yako. Na ni yeye huyo huyo anayetarajiwa kukusaidia ukifiwa.

Nikajiuliza: mbona sikumchomekea meneja? Jibu linaniaibisha. Meneja angeweza kulipiza. Nilichagua asiyeweza. Mwaka 1651, Mwingereza Thomas Hobbes aliandika kwamba tunacheka kwa sababu ghafla tunajiona bora kuliko mwingine. Sikubaliani naye kuhusu kila kicheko. Kuhusu changu cha asubuhi ile, alinipata.

Halafu kuna kifaa chenyewe. Mzaha wa mdomo una uso. Unamwona anayekutania, unajibu. Mzaha wa kifaa huficha mkono. Marekani kulikuwa na duka la mtandaoni, ThinkGeek, lililouza kitu kiitwacho Annoy-a-tron: kibao kidogo chenye sumaku, unakificha nyuma ya kabati, kinatoa mlio mfupi kila baada ya dakika kadhaa bila mpangilio, ili anayekitafuta asikipate. Utamu wake wote uko katika mtu kushindwa kujua. Na mtu asiyejua hatafuti adui, anajitafuta mwenyewe: nimebonyeza nini? Nimeharibu nini?

Kuna watakaosema vijana wa siku hizi wana ngozi laini, si angecheka tu yaishe. Bana, acheke nini? Ili ucheke mzaha, lazima kwanza ujue ni mzaha. Kuanzia asubuhi hadi kwa fundi, kwake hakukuwa na mzaha wowote. Kulikuwa na mashine mbovu na kazi inayoponyoka. Kichekesho kilikuwa chetu watatu, yeye akakilipia.

Kwa hivyo siku hizi, kabla sijamchezea mtu, najiuliza: anaweza kunirudishia? Atajua kabla hajaanza kuogopa? Kama jibu ni hapana, naacha.

Jioni ile nilimpa noti ya mia tano na kumwomba msamaha. Nilitamani aikatae, tucheke, nijisikie nafuu. Aliipokea, akaikunja, akaitia mfukoni, akaendelea na kazi.