Heshima ya Askari na Udhaifu wa Mwili

Kupoteza kazi ni jambo moja, na kupoteza heshima ni jambo jingine. Mtu aweza kuachishwa kazi kwa kuwa kazi imemshinda, akatoka mlangoni na jina lake zima kama alivyoingia. Na mwingine aweza kudumu kazini mpaka uzeeni ilhali jina lake lilikwisha kuoza zamani. Hapana mwenye akili asiyeijua tofauti hiyo anapoinena kwa kinywa. Walakini mambo haya mawili yakiandikwa juu ya karatasi moja, kwa kalamu moja na kwa muhuri mmoja, si rahisi tena kuyatenga. Nataka kulitazama swali hili mahali ambapo limekuwa kali mno, yaani katika vyeti ambavyo majeshi ya Marekani huwapa askari wao wanapoondoka, na hasa vyeti vya wale walioondolewa kwa sababu miili yao haikufikia kipimo cha ukakamavu, kisha wakaomba vyeti hivyo vipandishwe daraja.

Tangu mwaka 1950 askari wa Marekani anayemaliza utumishi wake hupewa hati ijulikanayo kwa nambari yake, DD 214. Ndani ya hati hiyo, pamoja na tarehe, cheo na nishani, mna maneno machache yanayopima utumishi wake wote. Madaraja makubwa ya kipimo hicho ni matano. La kwanza ni la heshima. La pili huitwa la jumla, chini ya hali za heshima. La tatu ni la hali zisizokuwa za heshima. Hayo matatu hutolewa na wakuu kwa njia ya utawala. Mawili yaliyosalia, la mwenendo mbaya na la fedheha, hayatolewi ila kwa hukumu ya mahakama ya kijeshi. Askari aliyeshindwa mbio hapelekwi mahakamani. Aghalabu hupewa daraja la kwanza au la pili. Kwa mtazamaji wa mbali tofauti ya madaraja hayo mawili ni unywele. Kwa mwenye cheti ni bonde. Mwenye cheti cha jumla haondolewi katika matibabu ya askari wa zamani, lakini sheria ya mwaka 2008, ambayo humlipia askari wa zamani karo ya chuo kikuu, humtaka awe ameachwa kwa heshima. Kadhalika mwajiri anayeomba kuiona hati ile husoma neno lile kabla hajamsoma mtu mwenyewe.

Tuchukue mfano wa Jeshi la Anga. Katika miaka ya 2010 askari wake walipimwa kwa mambo manne: kukimbia maili moja na nusu, kujiinua kwa mikono, kuinua kiwiliwili kutoka chini, na mzingo wa kiuno. Alama kamili zilikuwa 100, na aliyekosa kufika 75 alihesabiwa ameshindwa. Akishindwa mara nne katika miezi 24, mkuu wake hakuwa na budi kupendekeza abaki au aondolewe. Na tumdhanie kijana mmoja aliyetumika miaka mitano akitengeneza injini za ndege. Hakuiba, hakulewa kazini, hakutoroka zamu, wala hakumvunjia adabu mkubwa wake. Kilichomshinda ni kiuno na mbio. Akaondolewa, na hati yake ikaandikwa kuwa ni ya jumla. Je, amedhulumiwa?

Jibu la haraka ni ndiyo. Lakini si haki kujibu kabla ya kuusikiliza upande wa pili, kwani una maneno yenye uzito. Jeshi si karakana tu. Askari akizimia njiani hubebwa na mwenziwe, na huenda mwenziwe akafa kwa sababu ya mzigo ule. Tena kipimo hakikufichwa. Kila aliyeapa alikijua, na alipewa nafasi zaidi ya moja ya kujirekebisha. Tena wapo wenzake waliokuwa wazito kama yeye, wakaamka alfajiri wakakimbia, wakajinyima walichotamani kula, wakafaulu. Ikiwa wote watapewa neno moja, waliojikaza watauliza kujikaza kwao kumehesabiwa wapi. Na hoja kubwa kuliko zote ni hii: mwili si jiwe, hubadilika kwa nia, kwa hiyo sehemu ya unyonge wa mwili ni unyonge wa nia, na nia ndiyo mahali pa heshima.

Nazikubali hoja hizi kwa kiasi cha zinachothibitisha, wala si zaidi. Zinathibitisha kwamba jeshi lina haki ya kumwondoa kijana yule. Hazijathibitisha kwamba lina haki ya kuipunguza heshima yake. Mwenye chombo aweza kumshusha pwani baharia asiyeweza tena kuvuta kamba, na hapana atakayemlaumu. Lakini akitangaza bandarini kuwa baharia yule si mwaminifu, amesema neno jingine kabisa, na neno hilo lataka ushahidi wake peke yake. Katika Kiswahili mtu dhaifu na mtu mwovu hawakai katika neno moja. Dhaifu hupumzishwa au hubadilishiwa kazi, mwovu hulaumiwa. Mwenye kumlaumu dhaifu kwa udhaifu wake huonekana kwetu kuwa ndiye aliyekosa adabu.

Itasemwa kwamba kijana yule hakuwa dhaifu bali mvivu. Huenda ikawa kweli. Lakini mkanda wa kupimia kiuno hauisemi kweli hiyo. Mkanda hujua urefu tu. Haujui kama aliyepimwa alikula bila kiasi au alikuwa akinywa dawa inayonenepesha, kama alikataa kukimbia au goti lilikuwa limeumia, kama ni mtepetevu au ni mama aliyejifungua na mwili haujarudi. Anayetaka kuthibitisha uvivu hana budi kuleta ushahidi wa uvivu: mazoezi yaliyokwepwa na maonyo yaliyodharauliwa. Ushahidi huo ukiwapo, daraja la jumla laweza kutetewa. Usipokuwapo, yamebaki matokeo ya kipimo peke yake, na matokeo hayo yameshatoa yote yaliyokuwa ndani yake, nayo ni kwamba mtu huyu hafai tena kwa kazi hii.

Hapa hati yenyewe yatupa hoja iliyo bora kuliko zote. Ndani yake mna nafasi mbili mbalimbali: moja ya kuandika sifa ya utumishi, na nyingine ya kuandika sababu ya kuondoka. Aliyeshindwa kipimo huandikiwa sababu yake katika nafasi ya pili, na kweli imekwisha kusemwa. Ikisemwa tena katika nafasi ya kwanza, mtu amebebeshwa mzigo mmoja mara mbili: mara ya kwanza kwa jina lake halisi, na mara ya pili kwa jina la upungufu wa heshima. Walioigawa karatasi ile katika nafasi mbili walijua, wakitaka wasitake, kwamba sababu si sifa.

Si mara ya kwanza kwa karatasi ya jeshi kunong'ona jambo ambalo hapana mtu aliyelithibitisha. Katika Vita Vikuu vya Pili palikuwapo cheti kilichochapwa juu ya karatasi ya buluu. Hakikuwa cha heshima wala cha fedheha. Kilinyamaza tu, na unyamavu wake ukatosha kumfungia mtu milango. Askari weusi walipewa cheti hicho kwa wingi uliopita kadiri ya idadi yao jeshini, na kadhalika wale waliodhaniwa kuwapenda wenzao wa jinsia moja. Mwaka 1945 gazeti la watu weusi, Pittsburgh Courier, lilikipinga waziwazi. Mwaka 1947 kilifutwa, na mahali pake pakawekwa vyeti viwili, kimojawapo ndicho hiki cha jumla. Basi cheti cha jumla kilizaliwa katika juhudi ya kuondoa unong'ono. Lingekuwa jambo la kusikitisha kama kingerithi sauti ya mzazi wake.

Mlango wa kuomba upo. Sheria ya mwaka 1944 ya kuwasaidia askari waliorudi vitani iliweka mabaraza ya kupitia vyeti, na askari ana miaka 15 ya kuyaendea tangu kuachishwa. Sheria ya mwaka 1946 ikafungua njia ya mabaraza ya kusahihisha kumbukumbu, ambayo muda wake ni miaka 3 tangu kosa lijulikane, nayo yaweza kuusamehe muda huo kwa ajili ya haki. Baraza la kupitia vyeti hujiuliza maswali mawili: je, taratibu zilifuatwa, na je, uamuzi ulikuwa wa uadilifu? Huanza kwa kudhani kwamba wakuu walitenda ipasavyo, na mwombaji ndiye mwenye mzigo wa kuonyesha vinginevyo. Mwaka 2017 Wizara ya Ulinzi ilikiri katika mwongozo wake kwamba utumishi wa heshima si lazima uwe utumishi usio na doa. Mwaka 2018 ikayaagiza mabaraza yatazame pia rehema, yaani mwombaji ameishi vipi tangu alipoondoka.

Neno hili la rehema ni jema, lakini humtia mtu wetu katika njia panda. Yuko mbele ya maombi mawili yasiyofanana. La kwanza lasema, "Nisahihishieni." La pili lasema, "Nisameheni." La pili ni jepesi zaidi kulichukua: hukusanywa barua za majirani na vyeti vya masomo, kisha mtu huonyesha kwamba sasa ni mwema. Lakini msamaha hudhani kosa, na mwenye kuomba msamaha kwa jambo lisilo kosa ameyatia sahihi mashtaka kwa mkono wake. Tena rehema hufuata barua nzuri, na barua nzuri hazigawanywi sawa. Aliyerudi katika mtaa wa kimaskini na kufanya kazi za kubahatisha atakuwa na karatasi chache za kuonyesha, hata akiwa mwema kuliko wote.

Yuko atakayeuliza, "Kwa nini matendo ya baadaye yasihesabiwe kuwa ushahidi wa heshima?" Namjibu kwa kugeuza swali. Askari aliyeachwa kwa heshima, akaiba baada ya miaka kumi, hanyang'anywi cheti chake. Husemwa, na ni kweli, kwamba cheti chashuhudia utumishi wake wala si maisha yake yote. Ikiwa uovu wa baadaye haukishushi cheti, basi wema wa baadaye ukikipandisha, kupanda huko si kusahihisha ushahidi, ni hisani. Hisani yafaa kwa aliyekosa. Kwa aliyeshindwa na mwili wake, hisani ni malipo ya deni kwa sarafu isiyo yake.

Jambo hili si la mbali na sisi kama linavyoonekana. Mwaka 2009 majeshi ya Marekani yalianza mpango wa kuandikisha wageni wenye ujuzi wa lugha zilizohitajiwa, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwake. Mpango huo ulifungwa kwa waombaji wapya mwaka 2016. Wako basi wasemaji wa lugha hii wanaozifahamu hati hizi kwa macho yao wenyewe. Akiulizwa na mzee wake, "Wamekuacha kwa heshima?" mmoja wao angejibu nini mwenye cheti cha jumla? Mzee hataelewa heshima iliyo nusu. Atajua tu kwamba mwanawe amesita, na kusita huko atakutafsiri kuwa aibu.

Kwa hiyo nasema kwamba askari wa namna hii na aombe, na aombe kusahihishiwa kwanza. Aonyeshe alivyotenda kazi yake, alivyojaribu, na sababu ya mwili kushindwa. Na kama kweli alizembea, asilifiche, bali hapo ndipo aombe rehema bila haya, kwa kuwa rehema kwa mzembe ni rehema ya kweli. Nao walioketi katika baraza wasimpime mara ya tano kwa mkanda uliokwisha kumpima mara nne. Nchi yaweza kudai miili yenye nguvu ili ilindwe, na yaweza kuiacha isiyofika kipimo. Lakini ilipopokea kiapo cha kijana yule ilipokea uaminifu wake, na kama uaminifu huo aliutoa mpaka siku ya mwisho, hati haina budi kusema hivyo. Kusema hivyo si kumfadhili. Ni kusema kweli juu yake.