Bahari Isiyo na Jeraha

Je, mchoraji anayeipamba bahari ikawa nzuri kuliko ilivyo ni mwongo? Swali hili huonekana dogo mpaka mtu alitafutie jibu. Wapambaji wa bibi arusi hatuwaiti waongo. Lakini bibi arusi kesho yake hunawa uso, na mumewe humwona alivyo. Chini ya bahari ni wangapi kati yetu waliopata kufika?

Swali hili nimeletewa na picha za Christian Riese Lassen. Mmarekani huyu alizaliwa California mwaka 1956, akahamia utotoni katika kisiwa cha Maui, Hawaii, akakulia huko akiteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Bahari yake haina kificho. Ukiiona mara moja utaitambua popote. Juu kuna mbingu, mwezi mpevu na wimbi linalopinduka kwa kishindo. Chini maji yamekatwa kama kwa kisu, nasi twaona pomboo, nyangumi, samaki wa kila rangi, na matumbawe yanayong'aa kana kwamba yamewashiwa taa. Usiku na mchana hukaa pamoja katika picha moja, wala hazigombani. Huko Japani, hasa katika miaka ya 1990, nakala zake zilizochapwa zilinunuliwa kwa wingi, zikaingia hata katika zile picha za vipande ambazo watu huziunganisha mezani. Wajuzi wa sanaa walizikunjia uso. Hata hivyo, mwaka 2013 kilitoka hukohuko kitabu kizima cha kuuliza Lassen alikuwa nani hasa katika sanaa ya nchi ile.

Mimi dharau ya wajuzi hainishughulishi sana. Mtu anayerudi amechoka katika chumba chake kidogo cha mjini ana haki ya kuwa na dirisha la buluu ukutani, na anayemcheka mara nyingi naye ana dirisha lake. Wala rangi nyingi si hatia. Plato aliwashuku wachoraji kwa kuwa huiga sura ya kitu wakakiacha kitu chenyewe. Lassen haigi, anaota, na mnunuzi anajua kwamba anauziwa ndoto.

Kinachonisumbua ni kile kisichomo. Hamna nyavu, hamna chombo kilichozeeka, hamna taka. Mji wa Lahaina, hapo Maui, ulikuwa katika karne ya 19 bandari kubwa ya wawindaji wa nyangumi. Viumbe hao waliwindwa katika bahari zote za dunia mpaka aina kadhaa zikakaribia kwisha, na ni mwaka 1986 tu ndipo marufuku ya kuwawinda kwa biashara ilipoanza kutumika. Nyangumi wenye nundu wanaokuja Maui kila msimu wa baridi kuzaa ni kizazi cha waliosazwa. Katika picha wanaruka kana kwamba hakuna aliyepata kuwarushia mkuki. Na Japani, iliyompenda mno nyangumi wa ukutani, ilijitoa mwaka 2019 katika Tume ya Kimataifa ya Nyangumi, ikarudia uwindaji wa biashara katika maji yake. Sisemi kwamba picha ndizo zilizoleta hayo, na huenda waliotundika picha si wale walioshika mkuki. Nasema tu kwamba mapenzi yale hayakumdai mpenzi chochote. Mchoraji mwenyewe hakukaa kimya: mwaka 1990 alianzisha mfuko wa SeaVision kwa ajili ya hifadhi ya bahari. Lakini picha husafiri mbali kuliko mfuko, na picha haikusema neno hilo.

Hapo ndipo ninapoona lawama, kama ipo. Anayezoea kuipenda bahari isiyo na jeraha atajuaje kwamba hii yetu inaumwa?

Chukua matumbawe. Ni wanyama, si mawe, na ndani ya miili yao huishi mwani mdogo sana unaowapa chakula na sehemu ya rangi yao. Maji yakizidi joto, mwani hutoka, tumbawe likabaki jeupe kama mfupa, na likikaa hivyo muda mrefu hufa kwa njaa. Mwaka 1998 janga hili liliipiga Bahari ya Hindi, miamba ya Kenya na Tanzania ikiwemo. Zamu ya Hawaii ilifika mwaka 2014 na 2015.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Baadhi ya matumbawe, badala ya kuwa meupe tu, huwaka zambarau, buluu na kijani cha ndimu, rangi zilezile tulizodhani Lassen amezitia chumvi. Wataalamu walieleza mwaka 2020 kwamba rangi hiyo ni kama mwavuli: tumbawe lililoachwa uchi hujikinga nayo na jua, likiungoja mwani wake. Mwaka 2016 wapiga mbizi waliyaona yakiwaka hivyo huko New Caledonia, wakayapiga picha, na picha zikapendeza kupita kiasi. Maji yakipoa upesi, mwani hurudi, na mwamba ukarejea rangi yake ya siku zote. Mara nyingi ni kahawia, rangi ambayo sijaiona ikipewa nafasi katika picha za Lassen.