Nani Mwenye Haki ya Kusamehe?

Shangazi yangu alifiwa na mwanawe wa pekee, aliyechomwa kisu katika ugomvi wa vijana. Kesi ilipoanza, katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania Bara, nilimsindikiza mahakamani. Karani alisoma: Jamhuri dhidi ya fulani. Shangazi akaniinamia, akaninong'oneza, "Hiyo Jamhuri ndiyo iliyomzaa mwanangu?"

Sikuwa na jibu, na swali lile halijaniacha hadi leo.

Watu wanapolinganisha adhabu za Kiislamu na za nchi za Magharibi, aghalabu huanza na viboko na kukatwa mkono. Mazungumzo hayo hayafiki mbali. Huyu husema "ukatili", yule hujibu "upotovu", kisha kila mmoja hurudi kwake na alilokuja nalo. Mimi naona tofauti iliyo nzito zaidi imo katika swali la shangazi: damu ya aliyeuawa ni deni la nani?

Sheria ya Kiingereza, ambayo tulirithi kutoka kwa wakoloni, husema ni deni la dola. Uingereza hushtaki kwa jina la Mfalme, sisi kwa jina la Jamhuri, na mama wa marehemu huwa shahidi tu. Sheria ya Kiislamu, ikitegemea aya ya 178 ya Sura ya al-Baqara, huwapa warithi wa marehemu hiari: wadai kisasi, wapokee dia, au wasamehe.

Mwaka 2014, katika mji wa Nowshahr, Iran, kijana aliyeua alisimamishwa na kitanzi shingoni. Mama wa marehemu alimpiga kofi moja, kisha yeye na mumewe wakamvua kitanzi. Kijana akarudishwa gerezani akiwa hai.

Mwaka uliofuata, mjini Charleston, Marekani, watu tisa waliuawa kwa risasi kanisani. Siku mbili baadaye baadhi ya jamaa zao walimwambia mwuaji mahakamani kwamba wamemsamehe. Ulimwengu uliwasifu. Lakini msamaha wao haukuifunga mahakama, na mwaka 2017 akahukumiwa kifo.

Kwa mifano hii miwili ningeweza kusema shangazi alikuwa na haki, nikaweka kalamu chini. Lakini iko mingine. Mwaka 2011 Mmarekani mmoja aliyefanyia kazi shirika la ujasusi la nchi yake aliwaua wanaume wawili kwa risasi mjini Lahore, Pakistan. Jamaa zao walilipwa dia ya takriban dola milioni 2.4, naye akaachiwa. Basi Magharibi nayo hujua kuutumia mlango huo inapouhitaji! Na maskini asiye na dia atapita wapi?

Tena nchini Pakistan palikuwa na ndugu waliowaua dada zao kwa kisingizio cha heshima, kisha wakasamehewa na wazazi wao wenyewe. Ndipo mwaka 2016 Bunge likapitisha sheria kwamba mwuaji wa namna hiyo afungwe maisha hata akisamehewa. Hapo nilielewa Jamhuri ina kazi gani: kumsimamia marehemu ambaye nyumbani kwao hana wa kumtetea.

Kwa hiyo siwezi kumkabidhi mama mizani yote, wala siwezi kumpokonya yote. Dola ihukumu, kwa kuwa hasira na fedha ni mahakimu wabaya. Lakini kabla ya kuhukumu imsikilize aliyefiwa, na neno lake liwe na uzito.

Kijana yule alifungwa kwa kosa la kuua bila kukusudia. Kabla ya hukumu shangazi aliomba aseme neno moja, akajibiwa kwamba ushahidi umekwisha kufungwa. Tulirudi nyumbani kimya. Jioni mama wa mfungwa alikuja kubisha hodi. Shangazi akamkaribisha, akampa maji, wakakaa mkekani hadi magharibi bila kusema mengi.

Shangazi amekwisha kufariki. Sikupata kumwuliza lile neno aliloomba kulisema lilikuwa la msamaha au la laana. Najua tu kwamba lilikuwa lake, na hakuna aliyelisikiliza.