Akili ya Einstein na Tunayomsingizia Mungu

Nafundisha fizikia katika shule ya sekondari mkoani Tanga. Wanafunzi wangu wanamjua Albert Einstein kabla hawajaielewa kanuni yake hata moja. Mwenzao akipatia swali gumu wanamwita Einstein; akikosa, wanamwambia fizikia ina wenyewe. Na habari zake wanazo: eti alifeli hesabu shuleni, eti IQ yake ilikuwa 160, eti sisi tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo na yeye aliutumia wote. Nimezisikia pia kwenye ofisi ya walimu na kwenye hotuba za mahafali. Zinanikera kwa sababu zinamsingizia mtu aliyekwisha kufa, na zaidi kwa sababu mwisho wake zinamsingizia Mungu.

Hesabu hakufeli. Mwaka 1935, akiwa Princeton, Marekani, alionyeshwa gazeti lililoandika hivyo, akakanusha: kabla ya kutimiza miaka 15 alikuwa ameshaimudu kalkulasi. Cheti chake cha 1896 kutoka shule ya Aarau, Uswisi, kina alama 6 katika aljebra na jiometri, na kwao 6 ndiyo alama ya juu kabisa. Alipokwama ni kwenye mtihani wa kuingia chuo cha ufundi cha Zurich, mwaka 1895. Alikuwa na miaka 16, mdogo kwa kama miaka miwili kuliko umri wa kawaida wa kuufanya. Hesabu na fizikia alifanya vizuri, akaangushwa na masomo mengine.

Hiyo 160 nayo haina cheti. Hakuna kumbukumbu kwamba alipata kufanya mtihani wa IQ. Asili ya kipimo chenyewe ingepaswa kututia adabu. Mwaka 1905, mwaka uleule ambao Einstein, akiwa mkaguzi katika ofisi ya hataza mjini Bern, alichapisha makala zake kuhusu mwanga, atomu na uhusianifu, Alfred Binet na Théodore Simon walitoa mjini Paris kipimo cha kuwabaini watoto waliohitaji msaada zaidi shuleni. Binet alipinga waziwazi wazo kwamba akili ya mtoto ni kiasi kisichoongezeka. Chombo kilichobuniwa ili mtoto asaidiwe, sisi tunakitumia kumwambia asijisumbue. Na ile asilimia 10 ni hadithi tu: ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, unakula kama asilimia 20 ya nishati yake, na kila mmoja wetu anautumia wote.

Kisa cha ubongo wake kinaonyesha tunachokitafuta hasa. Einstein alifariki Princeton tarehe 18 Aprili 1955. Alitaka mwili wake uchomwe na majivu yatawanywe, pasibaki mahali pa watu kwenda kuhiji. Daktari aliyefanya uchunguzi wa maiti, Thomas Harvey, akautoa ubongo bila kuiomba familia ruhusa kwanza, akaukata vipande kama 240, akakaa navyo kwenye chupa kwa miongo kadhaa. Ulikuwa na gramu 1,230, pungufu ya wastani wa mwanaume mtu mzima. Uzito uliposhindwa kusema kitu, wakatafuta kwingine: utafiti wa 1985 ukataja wingi wa seli za glia, wa 1999 ukataja umbo la sehemu za juu za ubongo. Huenda kuna jambo. Lakini ubongo wa mtu mmoja hauwezi kuthibitisha kwamba tofauti iliyoonekana ndiyo iliyozaa nadharia. Mtu aliyekataa kuhijiwa amefanywa masalia.

Hadithi hizi zinapingana. Moja inamfanya mbumbumbu aliyeamka siku moja akawa bingwa, nyingine inamfanya kiumbe wa aina yake. Zinakutana katika jambo moja: zote zinafuta kazi na zinafuta watu. Hatusikii habari za baba yake mdogo Jakob aliyemfundisha aljebra, wala za Max Talmud, mwanafunzi wa udaktari aliyekuwa akikaribishwa chakula nyumbani kwao na kumletea vitabu vya sayansi. Hatusikii kwamba Marcel Grossmann alimwazima madaftari yake ya chuo, kisha baba wa Grossmann akamsaidia kupata ile kazi ya Bern. Makala ya uhusianifu ya 1905 inamalizia kwa kumshukuru rafiki yake Michele Besso. Mwaka 1912, hesabu za nafasi iliyopinda zilipomshinda, alirudi kwa Grossmann, na milinganyo ya uhusianifu wa jumla ikakamilika Novemba 1915, baada ya kazi iliyoanza mwaka 1907.

Sisemi kwamba watu wote wamejaliwa sawasawa. Kipaji kipo, na naamini kinatoka kwa Mungu. Ninachokikataa ni ile hukumu ninayoletewa mezani kwangu. Mzazi anaketi, mtoto kasimama pembeni anasikia kila neno. "Mwalimu, huyu Mungu hakumjalia kichwa cha sayansi." Anasema kwa unyenyekevu, kama anayemwachia Mungu jambo lake. Lakini rizki nayo tunaamini inatoka kwa Mungu na kiasi chake anakijua Yeye. Imani hiyo haijamfanya mvuvi wa hapa Tanga abaki kitandani, wala haimruhusu mtu kumtazama jirani mwenye njaa akasema hakuandikiwa. Iweje kwenye akili tuseme kana kwamba daftari tumelisoma?

Niliwahi kupewa mkondo wa kidato cha pili ambao shule nzima iliuita wa vilaza. Siku moja nilikuwa nimefunga ncha moja ya kamba kwenye boriti, nikaipitisha chini ya kapi lenye mzigo, jumla kilo 2, na ncha ya pili nikaishika kwa mizani ya springi. Ilisoma kilo 1. Darasa likaandika jibu. Binti mmoja aliyezungumza kwa nadra sana akauliza, "Mwalimu, ile kilo nyingine inabebwa na nani?" Vipanga wa mkondo wa kwanza walikuwa wamekariri kanuni na hawakuuliza hilo. Nikampa mizani ya pili, nikamwambia aifunge kati ya kamba na boriti. Akapanda juu ya dawati, akaifunga, akasoma kwa sauti: kilo 1. Sihitaji binti yule awe Einstein. Swali lake lilikuwa fizikia yenyewe, na tangu aingie shuleni kwetu hakuna aliyekuwa amemngoja aulize.

Kwa hiyo mzazi akija na maneno yale, kwanza namwomba mtoto aketi, maana yanayosemwa yanamhusu. Halafu nawaambia wote wawili ninachokiamini. Mungu anakijua alichompa kila mtoto. Sisi tumeachiwa kukitafuta, kwa kufundisha, kwa kusikiliza na kwa kungoja, na kazi hiyo tutaulizwa tulivyoifanya. Kusema "hakujaliwa" kabla hatujaifanya ni kutoa hukumu isiyo yetu na kuitia sahihi kwa jina Lake.